Mashoto na Bastola ya Silinda
Mafundi wa kampuni ya Smith & Wesson, walipoiweka swichi ya kufungulia silinda ubavu wa kushoto wa bastola, hapana shaka walimkusudia mtu wa mkono wa kuume; walakini, ajabu ni kwamba fadhila imemwangukia mashoto, kwani mashindanoni, risasi sita zikishakwisha, yeye hana haja ya kuihamisha bastola, bali huisukuma swichi kwa kidole cha shahada (ambacho, alhamdulillahi, huwa kimekwisha kuondoka kwenye kifyatulio), akaelekeza mdomo juu, akayatoa maganda kwa pigo la kiganja cha kulia, kisha, mdomo ukiinama, mkono uo huo ukatia kwa dafaa moja risasi sita zilizobanwa pamoja; na mlenga shabaha Jerry Miculek, aliyefyatua risasi 12 kwa sekunde 2.99 mwaka 1999, kujaza kukiwamo, naye alizibana risasi zake vivyo hivyo.