Wasiwasi si Woga

Liko neno moja ambalo hutolewa bure katika nyumba zetu, toka Ogembo hata Keroka, na kila alitoaye hudhani ametoa dawa. Neno lenyewe ni "Jikaze." Mjane huambiwa hivyo, na mwanafunzi ambaye mikono yake yatetemeka mbele ya karatasi ya mtihani huambiwa vivyo hivyo. Nalilaumu neno hili, na lawama naianza kwangu mwenyewe.

Mwaka mmoja alikuwako darasani mwangu msichana hodari wa hesabu. Mtihani ulipokaribia, moyo ulimwenda mbio, pumzi zikambana, vidole vikafa ganzi, akatoka nje akiamini kuwa anakata roho. Baada ya kiasi cha nusu saa alirejea mzima. Mimi nilimwambia ajikaze. Mwalimu mwenzangu alisema ni mvivu. Shangazi yake alisema yuko jirani mwenye kijicho. Sote watatu tulikosa, lakini makosa yetu hayakuwa na uzito mmoja.

Mvivu hatoki jasho la baridi. Juu ya kila figo ipo tezi ndogo, ambayo hatari ikitokea humwaga adrenalini katika damu. Moyo ukaenda kasi, misuli ikakazana, ili mtu akimbie au apigane. Jambo hili ni jema sana chui akiwapo. Kwa mgonjwa wa wasiwasi mbiu hulia pasipo chui. Kumwamuru ajikaze ni kumwamuru autulize moyo wake kwa amri. Awezaye na ajitokeze tumwone! Wala si mwoga, maana msichana yule alirudi kila asubuhi katika chumba kile kile kilichomtisha, jambo ambalo sina hakika kuwa mimi ningaliliweza.

Labda msomaji atanijibu kwa methali kwamba wasiwasi ndio akili. Methali hiyo yamsifu mtu afungaye mlango wake usiku. Haisemi habari za yule aufungaye mara kumi, kisha akakesha akiutazama. Wengine husema maradhi haya ni ya Wazungu na watu wa mijini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa nayo. Je, wote hao walikuwa Wazungu? Na wapo wasemao ni upungufu wa imani. Sina ugomvi na sala; lakini mgonjwa wa malaria haambiwi athibitishe imani yake kwanza ndipo apewe vidonge.

Kosa la shangazi ndilo linitishalo. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliteketezwa kwa moto katika vijiji vya Kisii kwa tuhuma ya uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma hiyo hiyo. Sisemi kuwa mauaji hayo yalitokana na maradhi ya wasiwasi. Nasema mzizi ni mmoja: taabu ambayo asili yake haijulikani hutafutiwa mtu aliyeileta, na mtu huyo, omorogi wetu, mara nyingi huwa bibi kizee asiye na mtetezi. Aliyekwisha kusoma habari za tezi na adrenalini, kisha akanyamaza jirani anapotajwa, ana hatia kuliko asiyesoma.

Msichana alipelekwa hospitali. Huko alifundishwa kuvuta pumzi polepole na kukisogelea kidogo kidogo kile kilichomwogofya, badala ya kukikimbia. Kwenye mtihani alikalishwa karibu na mlango. Karatasi ya kwanza alitoka mara mbili, akarudi mara mbili; ya pili hakutoka. Shangazi yake alifurahi sana, akachinja kuku. Jirani hakualikwa, na hata leo hawasalimiani.