Mabano Katika Injili ya Marko



Juma lililopita mzee mmoja wa hapa Liparamba alinijia ofisini na Biblia yake. Alinionyesha Injili ya Marko, sura ya 16. Aya ya 9 hadi ya 20 zimetiwa katika mabano. Akaniuliza kwa huzuni, "Mwanangu, je, tumedanganywa miaka yote hii?"

Nikamjibu kwa kumwungamia kosa langu. Mahali nilipoanzia kazi nilinakili daftari la ubatizo lililokuwa limeliwa na mchwa. Katika ukurasa mmoja walikuwamo Maria wawili, mmoja chini ya mwenzake. Jicho langu likaruka, nikamwacha wa pili. Baadaye binti yule akaja kutaka cheti apate kufunga ndoa. Kumbe, jina hakuna! Bahati njema daftari la kale lilikuwa halijachomwa. Tukalinganisha, akaonekana, na arusi ikafanyika.

Basi, Injili nazo zilinakiliwa kwa mkono kwa miaka zaidi ya 1,300 kabla ya mitambo ya kuchapa. Karatasi ya Marko mwenyewe haikubaki. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha nakala kwa nakala. Nakala mbili za Kigiriki za karne ya 4, moja iliyotunzwa Vatikano na nyingine iliyotoka katika monasteri ya Mlima Sinai, zaishia aya ya 8. Nakala nyingi sana zinazo aya zote. Wataalamu wengi waona kwamba aya hizo 12 ziliongezwa na mkono mwingine. Lakini ni za kale mno: Mtakatifu Ireneo, Askofu wa Lyon, alitaja aya ya 19 mnamo mwaka 180, kabla nakala zile mbili hazijaandikwa.

Kwa hiyo mabano hayasemi "uongo". Yasema, "Hapa nakala hazipatani." Kanisa lazihesabu aya hizo kuwa Maandiko Matakatifu, na baadhi yake husomwa katika sikukuu ya Mtakatifu Marko, 25 Aprili. Mzee akafunga kitabu chake, akaenda zake amechangamka.

Nawe msomaji, usichome daftari la kale kwa sababu umepata jipya. Na ukinakili, weka kidole kwenye mstari, kisha msomee mwenzako naye atazame lile la kwanza. Mimi sikufanya hivyo, na kidogo tu binti wa watu akose arusi.