RAMBIRAMBI SI FIDIA

*Taarifa ya Kamati ya Tawi kwa wanachama na wakazi wote*



Tumezika watu wetu wengi waliogongwa kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, na kila matanga tunaona mchezo uleule. Siku ya tatu mwenye gari anafika, ameletwa na mzee wa kumwombea radhi. Inatolewa bahasha: elfu thelathini, elfu hamsini. Kisha inachomolewa karatasi ya Kiingereza, na mjane aliye ndani ya eda anaambiwa aweke kidole. Karatasi inasema familia imeridhika na haina dai lingine. Mheshimiwa amekaa kiti cha mbele, anasifu moyo wa kusameheana.

Sisi tunauita wizi. Na kiongozi anayeusimamia, hata awe wa chama chetu, ni mshiriki.

Rambirambi ni utu, pokeeni. Fidia ni deni. Sura ya 32 ya Sheria za Kenya inawapa mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu haki ya kudai kile alichokuwa akiwapa akiwa hai. Sura ya 26 inaruhusu kudai kwa niaba ya marehemu mwenyewe: maumivu aliyopata, umri uliokatizwa, gharama za kumzika. Wala pesa hizo hazitoki kwenye huruma ya mtu. Kila gari lazima liwe na bima ya kuwalipa wanaoumizwa nalo, na kwa kifo cha mtu mmoja bima hiyo inabanwa kulipa hadi shilingi milioni 3. Tuzo ya mahakama ikizidi hapo, mwenye gari ajazie kutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana ana haraka ya kufika matangani.

Tupige hesabu anayoificha. Mahakama huuliza marehemu alipata kiasi gani kwa mwezi, angefanya kazi miaka mingapi tena, na sehemu gani ya pato ilikuwa inafika nyumbani. Kwa aliyeacha mke na watoto, mara nyingi huchukuliwa theluthi mbili. Kijana aliyekuwa akipata 15,000 kwa mwezi, theluthi mbili ni 10,000, yaani 120,000 kwa mwaka. Mahakama ikikubali miaka 20, ni 2,400,000. Mjane wake kapewa elfu hamsini na soda.

Wanasema pia: "Hakuwa na hati ya mshahara, hamna kesi." Uongo mtupu. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2005 kwamba makaratasi si njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato cha mtu. Wenzake wa stejini wanaweza kusimama wakatoa ushahidi. Rekodi ya M-Pesa nayo inazungumza.

Hatutawadanganya kuwa ni rahisi. Lazima kosa la dereva lithibitishwe, na ikionekana marehemu naye alichangia ajali, tuzo hupunguzwa. Kwa hiyo shikeni karatasi mapema: namba ya OB, abstrakti ya polisi, ripoti ya uchunguzi wa maiti, cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya wanaomtegemea. Halafu kuna idhini ya mahakama ya kuendesha kesi kwa niaba ya marehemu. Dai la Sura ya 26 likifunguliwa bila idhini hiyo hutupwa, hata kama dereva alikuwa amelewa chakari. Kesi ya Sura ya 32 ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu siku ya kifo.

Aliyefia kazini, awe wa kiwanda, godauni au mjengo, ana sheria yake, ya 2007. Familia yake hulipwa mshahara wa miezi 96, na dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Mwajiri anayekuja na gunia la mchele na kuomba yaishe kifamilia anajua hesabu hiyo vizuri sana.

Na wale wanaozunguka nje ya mochari na kadi za mawakili, wafukuzeni. Sheria ya Mawakili haitambui mkataba wa wakili kulipwa akishinda tu, wala ule wa nusu kwa nusu.

Kamati imeamua kwamba kuanzia leo hakuna kiongozi wa tawi hili atakayemsindikiza mwenye gari matangani, wala kuwa shahidi wa karatasi ya kumaliza madai. Mwakilishi wetu wa wadi tumemwandikia afanye vivyo hivyo. Akikataa, jina lake tutalileta hapa hapa kwenye kikundi.

Aliyekwisha kuweka kidole asikate tamaa. Atafute nakala ya ile karatasi aje nayo, isomwe na wakili kabla hajaamini kuwa yamekwisha.

Tutakuwa ofisi ya tawi Jumamosi saa nne asubuhi. Njoo na cheti cha kifo na chochote ulicho nacho kutoka polisi. Hatutozi hata shilingi. Wasio na simu, waambieni kwa mdomo.

*Kamati ya Tawi*
Sambaza kwa vikundi vingine.