Pencheni Jamii: Deni Linalolipwa kwa Jina la Hisani

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipopandisha pencheni jamii kutoka shilingi 20,000 hadi 50,000 kwa mwezi, mwaka 2023, ongezeko hilo limekuwa likizungumzwa kwa lugha ya shukurani, kana kwamba mzee wa Wawi, au wa shehia nyingine yoyote ya Pemba, ameokota bahati njiani. Pencheni jamii ni fedha anayolipwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, tajiri kwa maskini, bila ya kuulizwa kama aliwahi kuchangia mfuko wa hifadhi. Ilianza Aprili 2016 kwa fedha za Serikali yenyewe, na uamuzi huo unastahiki sifa. Kisichostahiki ni jina la hisani lililobandikwa juu yake, kwa sababu fedha hiyo ni deni, na mwenye kulipwa deni lake hatakiwi kupiga makofi.

Wapo wanaosema kwamba hazina ya visiwa vyenye watu 1,889,773, kwa mujibu wa sensa ya 2022, haiwezi kubeba zaidi, na hoja hiyo haina budi kusikilizwa wakati wa kupanga bajeti. Wapo pia wanaoshikilia kuwa mzee ni wa wanawe na kwamba fedha ya Serikali italegeza udugu, ingawa shilingi 50,000, ambazo kwa siku hazifiki 1,700, hazijamwondolea mtoto yeyote wajibu wa kumlisha mzazi wake. Hoja zote mbili zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba mzee asiyewahi kuajiriwa anapewa asichokichangia, na dhana hiyo ndiyo isiyosimama.

Aliyetimiza miaka 70 leo alikuwa kijana katika muongo wa 1970, wakati karafuu ilipokuwa ndiyo mfuko wa Zanzibar na sehemu kubwa ya karafuu hiyo ikitoka Pemba. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, Serikali kupitia shirika lake la biashara, ZSTC, ambalo lilimlipa mkulima sehemu ndogo ya bei iliyopatikana nje, na tofauti ikabaki hazinani, huku kuvusha karafuu kwenda kuuza kwengine kukihesabiwa magendo na kuadhibiwa kwa ukali. Kwa fedha hizo Zanzibar ilijenga majumba ya Michenzani na ikawasha televisheni ya rangi kabla ya nchi nyingi za Afrika. Mtu anayekatwa sehemu ya pato lake, apende asipende, ili fedha ikafanye kazi za umma, amechangia. Ikiwa mchango huo haukuandikwa kwa jina lake, kosa si lake.

Wala mchango huo haukuwa wa wenye mashamba peke yao. Karafuu ilihitaji wachumaji wa kupanda juu ya mikarafuu wakijua kwamba tawi likivunjika hakuna fidia. Ilihitaji wanawake na watoto wa kuokota mpeta, yaani karafuu zilizodondoka chini, na wa kukesha wakichambua, yaani kuitenga karafuu na makonyo yake, kabla ya kuianika juani siku kadhaa. Wawi yenyewe ina kiwanda cha Serikali kinachokamua mafuta kutokana na makonyo hayo, kwa hivyo hata kikonyo kilichobaki baada ya karafuu kutengwa kimepatiwa hesabu na bei. Mwanamke aliyekitenga kwa vidole vyake hana daftari linalomtaja popote, na baada ya yote hayo anaambiwa ashukuru kwa kuhurumiwa.

Linganisha na mtumishi wa Serikali, ambaye hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 na kuanza kupokea kiinua mgongo na pencheni yake pasi na mtu kumwita mtu wa kusaidiwa. Mchumaji aliyechoka mapema zaidi, kwa kazi ngumu zaidi, hungoja miaka 10 mingine, na wengi hufa wakingoja. Tofauti baina ya wawili hawa haimo katika walichokitoa. Imo katika karatasi, kwani mmoja alikatwa kwenye hati ya mshahara na mwengine akakatwa kwenye mzani wa karafuu. Serikali iliyotangaza mwaka 2011 kwamba mkulima atalipwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia ilikiri kwa tamko hilo kwamba kabla yake hakuwa akilipwa haki yake, lakini nyongeza hiyo haikuwafikia waliokwisha kuzeeka na kushuka mitini.

Likishakubaliwa kuwa ni deni, mengine yanafuata yenyewe: kiwango kipande kwa mujibu wa sheria kila gharama za maisha zinapopanda, kisingojee tangazo la kiongozi, na umri wa kuanza kulipwa ushuke hatua kwa hatua kuelekea 60. Na anayesimama jukwaani kuwataka wazee washukuru aanze kwa kuwasomea hesabu ya karafuu walizouza na bei waliyolipwa.