Sira za Wema Wetu Ziandikwe

Katika karne ya 11 alikuwapo mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Benedikto, jina lake Goscelin, ambaye alitoka katika monasteri ya Saint-Bertin, katika eneo ambalo leo ni Ufaransa, akavuka bahari kwenda Uingereza kumtumikia Askofu Herman, na askofu huyo alipofariki mwaka 1078 akakosa makao, akawa wa kuhama monasteri hii hadi ile, kalamu ikiwa ndiyo riziki yake, mpaka akatua Canterbury. Aliandika sira ya Mtakatifu Edith, wa monasteri ya masista ya Wilton, aliyekufa karibu miaka mia moja kabla, na ushahidi mwingi aliupata vinywani mwa masista wakongwe wa mahali pale, aliowasikiliza kwa taadhima na kuwataja kuwa ndio mashahidi wake.

Kazi hiyo ilikuja wakati wake, maana Wanormani walikwisha kuiteka Uingereza mwaka 1066, na miongoni mwa wakuu wapya walikuwamo waliowatilia shaka watakatifu wa wenyeji, kwa kuwa hawakupata kuyasikia majina yao.

Sisi wa Likombe, Mtwara, ni majirani wa shirika hilo la Goscelin, kwani Wabenediktini wako Ndanda, njia ya Masasi, tangu mwaka 1906. Katika Vita vya Majimaji waliuawa Askofu wao Cassian Spiss na wenzake wanne, karibu na Liwale, tarehe 14 Agosti 1905, na Sista Walburga Diepolder wa Nyangao naye akafa katika vita hivyo. Majina yao wote twayajua, kwa sababu watawa huandika habari za wafu wao, nami nawasifu kwa hilo. Lakini wenyeji waliowabebea mizigo, na wenyeji waliochukua silaha upande wa pili, na kina mama waliokimbia na watoto porini, aghalabu hawana hata mstari mmoja.

Wala Waislamu wa pwani hatuwezi kudai kuwa jambo hili la kuandika sira za wema ni geni kwetu, ilhali katika hadhara za tarika ya Kadiria husomwa manakibu, yaani sira ya sifa, ya Sheikh Abdulkadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Twamkumbuka walii wa mbali, na tunafanya vyema. Ila mwalimu wa chuo aliyesomesha vizazi vitatu bila ujira, au mkunga aliyezalisha mtaa mzima, akifa husomewa hitima, kisha habari zake huzikwa pamoja naye.

Goscelin, kama waandishi wote wa aina yake, alipamba kwa miujiza. Sisi tusimwige katika hilo, bali tuandike wema wa mtu pamoja na upungufu wake.

Basi vijana wa Likombe mliojaliwa kusoma, chukueni daftari, mwende kwa bibi na babu zenu wangali hai, mwandike jina la msimulizi na tarehe, nakala moja ibaki nyumbani na nyingine ipelekwe maktaba ya mkoa.