Tuma Julai, Usingoje Aprili

Simu ya Aprili unaijua. Huanza na salamu, hupita kwa watoto, humtaja mgonjwa mmoja, kisha hunyamaza kidogo, na baada ya kimya hicho ndipo neno lenyewe linapotoka: unga umepanda. Wewe uliye Mombasa, Muscat, London au Minneapolis hungoji kuombwa mara ya pili. Kesho yake unakwenda kwenye hawala, unatuma ulichonacho, na Kisimayu wanapika.

Mungu akuzidishie. Ombi langu ni dogo: pesa zile zile, zitume Julai.

Bonde la Mto Juba, kutoka Bu'aale kushuka Jilib hadi Jamaame, lina mavuno mawili. Mvua za gu, ambazo sisi huziita masika, huanza Aprili, na mahindi yake huvunwa Julai na Agosti. Mvua za deyr, vuli yetu, huanza Oktoba, na mavuno yake huja Januari na Februari. Sasa tazama mkulima anavyofanya Agosti. Anadaiwa trekta. Anadaiwa mbegu. Dukani daftari lina jina lake tangu kiangazi, mwalimu wa chuo hajalipwa, na mtoto ana homa. Jirani yake naye yuko hivyo hivyo, na jirani wa jirani. Wote wanauza wiki moja, na mchuuzi mwenye lori hana haja hata ya kubishana bei. Ifikapo Aprili, mtu yule yule aliyeuza anashika kikapu kwenda dukani kununua mahindi, pengine yale yale yake, kwa bei ya kumtoa machozi. Hapo ndipo anakupigia simu wewe.

Tusimwite mjinga. Magharibi ya Kenya watafiti waliwafuatilia wakulima wa mahindi waliokuwa na kawaida hiyo hiyo ya kuuza rahisi na kununua ghali, na matokeo yakachapishwa 2019. Wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno hawakulazimika kuuza mara moja; waliweka, wakauza baadaye, na faida ikafikia asilimia 29 ya kile walichokopeshwa. Walijua bei itapanda tangu mwanzo. Walichokosa ni pesa za kulipia madeni ya mwezi ule mmoja.

Kwetu mkopo wa benki kwa mkulima wa Jamaame ni hadithi, na wengi wangeuogopa kwa sababu ya riba. Lakini hawala ipo, na simu ya kutumiana dola ipo. Wasomali walio ng'ambo hutuma nyumbani zaidi ya dola bilioni moja kila mwaka. Sikuombi uongeze hata senti. Dola 100 za Aprili zinanunua chakula kwa bei iliyokwisha panda. Dola 100 hizo hizo zikifika Julai zinalipa deni la trekta, na mahindi yanabaki ndani.

Na sisi wa visiwani? Koyama, Chovai na Chula ni matumbawe na mchanga. Minazi ipo, lakini sufuria ya ugali hutegemea bara. Kwa mvuvi, mahindi yakipanda ni njaa. Kwa mkulima, ni ahueni. Ukimwambia mkulima aweke mazao mpaka bei ipande, mtu wa Chovai ana haki ya kukukunjia uso. Ila utafiti ule ule wa Kenya ulionyesha jambo la kumpoza: pale wakulima wengi walipoweka, bei haikuanguka sana wakati wa mavuno, wala haikupaa sana baadaye. Gunia lililohifadhiwa Agosti ndilo linaloingia sokoni wakati wa shida na kumpunguzia mvuvi makali.

Isitoshe, Julai ni kusi. Bahari imechafuka, mashua zimepandishwa pwani, ng'onda ni chache. Mahindi ni rahisi, na mvuvi mfuko mtupu. Kaskazi ikiingia mkono wake hupata pesa, na kwa bahati njema mavuno ya vuli humkuta hapo. Lakini mavuno ya masika humpita hivi hivi. Kwa hiyo ukiwa na mama yako Chula, wito huu ni wako pia: Julai anunue magunia mawili, asinunue vibaba Aprili.

Yataka pahali pa kuweka. Wazee wa mabonde wana bakaar, shimo la nafaka linalochimbwa ardhini na kufukiwa; soko la Bakaara la Mogadishu jina lake latokana na neno hilo. Zama za Siyad Barre, shirika la serikali lilipokuwa mnunuzi pekee wa nafaka kwa bei iliyopangwa ofisini, mashimo hayo yaliwafaa wakulima kwa namna ambayo serikali haikuipenda. Lakini shimo lina hatari zake. Mto ukifurika, ndiyo basi. Na unyevu wa kawaida tu, hata bila mafuriko, huleta kuvu, na kuvu huleta sumukuvu, isiyotoka kwa kupikwa. Mwaka 2004 Ukambani, Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Basi kabla ya kuweka, jaribu hivi. Chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi cha robo na vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa, kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya mchanga. Yakishakauka, ipo mifuko yenye matabaka matatu, mawili ya plastiki ndani na moja la kiroba nje. Ukiifunga vizuri hewa haiingii, na fukusi walio ndani hukosa pumzi wakafa, bila dawa yoyote. Tanzania huiita Kinga Njaa. Anayekuja Kisimayu na mzigo kutoka Mombasa na abebe mifuko kumi.

Nimeshasikia mtu akisema kuweka nafaka ni kuhodhi, na kuhodhi ni haramu. Wanazuoni wengi wametofautisha: mwenye dhambi ni anayezoa chakula cha watu sokoni akakifungia ili wapate dhiki, wala si mkulima aliyeweka jasho lake mwenyewe. Nabii Yusuf naye aliagiza nafaka iachwe katika masuke yake.

Hata hivyo, sisemi mtu aweke yote. Soko letu halina adabu. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, Somalia iliyokuwa ikitegemea Urusi na Ukraine kwa karibu ngano yake yote ilishtuka pamoja na bei zake. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya El Niño yakafunika mashamba ya Juba. Na kuna mwaka ambapo meli ya mchele au chakula cha msaada hufika, na aliyengoja Mei anajikuta amengojea hasara. Rai yangu, na ni rai tu: auze theluthi wakati wa mavuno, theluthi miezi mitatu baadaye, na theluthi ya mwisho iwe ya kula na ya mbegu, isiguswe mpaka mvua ionekane. Kitengo cha FSNAU, cha shirika la FAO, hutangaza bei za masoko ya Somalia, Kisimayu ikiwemo. Wewe una intaneti ya uhakika. Kila mwezi mtumie ami yako bei hizo kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, aisikilize chini ya mwembe kabla lori halijafika.

Basi Julai hii usingoje kupigiwa. Piga wewe. Muulize amevuna magunia mangapi, anadaiwa na nani, na ni kiasi gani kingemtosha asiuze wiki hii.