Mpigie muuza maua mwenyewe

Mwandishi, hapo uliposema kutuma maua kupitia kampuni za mtandaoni ndiyo njia nzuri kuliko zote, sikubaliani nawe. Nyingi hazina hata ua moja: zinapokea oda, zinakata chao, kisha kazi inasukumwa kwa muuza maua wa mji wa mpokeaji. Utaratibu wenyewe ni wa zamani, wauza maua wa Marekani waliuanza mwaka 1910 kwa kupelekeana oda kwa telegramu. Mimi niko Uingereza, mama yuko Nairobi. Mwaka jana nililipia shada kubwa la mawaridi kwenye tovuti moja, akaletewa kijishada kilichokwisha kunyauka. Iliniuma sana. Siku hizi nampigia dada mmoja anayeuza maua City Market, namtumia hela kwa M-Pesa, naye hunitumia picha ya shada kabla halijatoka. Mawaridi ya Naivasha, mabichi, na hela yote ni yake. Na wewe uliyeandika maoni hapo juu kwamba wauzaji wa sokoni hawaaminiki, tafadhali zungumza nao kwanza. Wape siku, mtaa na namba ya mpokeaji, halafu waache wachague maua yaliyofika asubuhi hiyo.